Pampu ya maji ya trela inapogoma: jinsi ya kutafuta chanzo

Matrela mengi ya kupigia kambi hutumia pampu ndogo ya kiwambo, yaani yenye utando wa mpira unaovuta na kusukuma maji, inayoendeshwa kwa umeme wa volti 12, yenye swichi ya presha kichwani. Koki inapofunguliwa, presha ya mabomba hushuka na swichi huwasha mota. Koki inapofungwa, presha hupanda hadi kiwango kilichowekwa kiwandani na mota huzimwa. Ukilielewa hilo, huna haja ya kushika bisibisi mapema, kwani mlio wa pampu peke yake hukuonyesha kama kasoro iko kwenye umeme, kwenye upande wa kuvuta maji au kwenye upande wa kuyasukuma.

Pampu ikiwa kimya kabisa, kagua fyuzi na swichi kuu, kisha pima umeme kwenye nyaya za pampu yenyewe. Umeme ukiwa umefika na mota haizunguki, unganisha kwa muda ncha mbili za swichi ya presha kwa kipande cha waya. Mota ikizunguka, kilichokufa ni swichi. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha pampu, kwa maana anayeweka kubwa zaidi ili isikatike tena anauachia waya kazi ya kuungua.

Pampu inayozunguka kwa uvivu hudanganya wengi. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takribani volti 12.6 au zaidi, na mwenye trela akiiona namba hiyo huanza kuilaumu pampu. Lakini kiungo kilicholegea au kuota kutu huweza kuonyesha volti zote wakati hakuna kinachotumia umeme, kisha kikaziangusha mara mota inapoanza kazi. Kwa hiyo pima koki ikiwa wazi na pampu ikizunguka, kwanza kwenye betri, halafu kwenye nyaya za pampu. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Mimi huanza kuushuku waya wa hasi, hasa pale ulipofungwa kwa bolti kwenye fremu ya trela, kwani vumbi, matope na mtikisiko wa barabara kama ile ya Ngorongoro kwenda Seronera huilegeza bolti hiyo bila mtu kujua. Ifungue, kwangua chuma hadi king'ae, kisha ikaze upya.

Pampu inayovuma vizuri bila kutoa maji kwa kawaida inavuta hewa. Hakikisha kwanza kwamba tangi lina maji kwa kuchungulia ndani, kwa kuwa geji za matangi haya si za kuaminika sana. Ikiwa maji hutoka vizuri mwanzoni kisha yakafifia, fungua kifuniko cha tangi: yakirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia limezibwa na vumbi. Chujio lililo kabla ya pampu nalo lifunguliwe na kuoshwa, na mpira wake wa kuzibia urudishwe mahali pake, kwani ukikaa upande kidogo tu hewa huingia. Uvujaji wa upande huu ni mgumu kuuona, maana pampu inapofanya kazi kiungo kibovu hakidondoshi maji bali hufyonza hewa, na sakafu hubaki kavu.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la ndoo. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi, funga kipande kifupi cha mpira kwenye mdomo wa kuvutia, na utumbukize ncha yake katika ndoo ya maji safi. Pampu ikivuta sawasawa, haina kosa; kosa liko kati yake na tangi, na klempu zote (vibano vya mipira) za njia hiyo zikazwe au zibadilishwe. Isipovuta hata kutoka kwenye ndoo, zima umeme, fungua skrubu za kichwa na utazame valvu. Mara nyingi utakuta chembe ya mchanga au unyoya wa plastiki uliobaki tangi lilipotobolewa, na kuutoa ndiyo matengenezo yote.

Inabaki pampu inayoshtuka kwa sekunde moja kila baada ya muda, usiku, koki zote zikiwa zimefungwa. Presha inatoroka mahali fulani. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo kuanzia pampu hadi koki ya mwisho. Karatasi ikilowa, umepata. Ikibaki kavu kote, maji yanarudi kwenye tangi kupitia valvu za pampu, na hapo dawa ni kuzisafisha au kufunga valvu ya kuzuia kurudi mbele ya pampu. Mpaka hapo, zima swichi kuu kabla ya kulala.