Ngoma katika mafunzo ya ualimu: hatua za kumwelewa mwenzako kwa miguu

Kikao hiki huchukua dakika 90, kwa watu wasiozidi 24. Wakizidi hapo, wavivu hujificha nyuma.

1. Wiki moja kabla, tafuta walimu tarajali wawili wa kufundisha ngoma wanazozijua. Wajitolee wenyewe. Niliwahi kumteua mmoja kwa kufuata jina lake la ukoo, kumbe ngoma za kwao hazijui. Aibu ikawa yangu. Waulize pia kipi hakichezwi mbele ya wageni, maana ngoma za jando, za msiba au za ibada zina wenyewe. Mavazi yaacheni, yasije yakageuza kikao kuwa onyesho.

2. Sogezeni meza, simameni duara. Asiyetaka kucheza au kushikwa mkono apige makofi. Hiyo si adhabu: mapigo yakilegea, ngoma imekufa.

3. Mwenye ngoma afundishe, nawe mkufunzi uingie mstarini ukosee pamoja nao. Aliyezoea kucheza kwa mabega atahangaika na kiuno. Aliyezoea kuruka atashangaa magoti yakidai kukunjwa muda wote. Waache wahangaike dakika 20 nzima. Inakera kutazama, lakini usiwaokoe. Mwanafunzi mgeni darasani huwa katika hali hiyo hiyo tangu kengele ya asubuhi, na mwalimu humwita mzito.

4. Sasa waeleze walichokiona, bila kukihukumu. Mimi hutumia vipengele vinne vya Rudolf Laban (1879–1958), mchambuzi wa miondoko: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Je, mguu unakanyaga kwa nguvu au unagusa tu? Mwendo unaendelea au unakatika? "Nzuri" na "ya ajabu" ni marufuku. Mmoja akisema, "Wanajitikisa ovyo tu," mwambie ahesabu. Siku moja aliyesema hivyo alihesabu kwa sauti, akakuta miguu inapiga tatu katika muda ambao makofi yanapiga mbili. Akajaribu mwenyewe, ikamshinda. Neno "ovyo" sikulisikia tena siku ile.

5. Ndipo mwenye ngoma aulizwe: huchezwa lini, na nani, nani haruhusiwi? Ana haki ya kujibu "sijui". Hakutumwa kuwasemea watu wake wote.

6. Kila mmoja aandike nusu ukurasa: nilikosea wapi, na nilitamani anayenifundisha afanye nini? Karatasi hizo mimi huzikusanya bila kuzisahihisha, nikawarudishia asubuhi wanayoondoka kwenda mazoezi ya kufundisha.