Kabla ya kushusha sensa ya oksijeni ziwani, andaa mlango wa siriali
Mwenye vizimba vya sato kule Igombe, kando ya Ziwa Victoria, anataka kujua jambo moja: alfajiri, oksijeni inaposhuka, samaki wake wana hewa ya kutosha au hawana. Baadhi ya sensa za kazi hiyo hutumia SDI-12, itifaki ya waya mmoja wa data ambayo mlango wa siriali (unaotuma na kupokea biti moja moja) wa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, hauielewi mpaka uuandae. Ukishafika kizimbani, laptop magotini na mtumbwi unayumba, si wakati tena wa kusoma datashiti. Yamalize mezani.

Anza na umbo la herufi, uliandike kwenye karatasi: biti 1200 kwa sekunde, biti 7 za data, pariti shufwa (biti ya ukaguzi inayofanya idadi ya moja iwe shufwa), biti 1 ya kufunga. Wengi tumezoea biti 8 bila pariti, na hapo ndipo penye mtego. Ukihesabu na biti ya kuanza, jumla ni biti 10 kwa namna zote mbili, kwa hiyo ukikosea mlango haulalamiki. Utaona 0, 3, 5, 6 na 9 zinafika salama, huku 1, 2, 4, 7 na 8 zikigeuka takataka, maana biti ya pariti imesomwa kama data. Mara ya kwanza kukutana na hali hii nilibadilisha waya mara mbili nikidhani unyevu umeingia, kumbe waya ni mzima. Tarakimu zikichaguana hivyo, kagua pariti. Kumbuka pia kwamba kwenye maikrokontrola ya ATmega328P unaweka biti 7 na pariti inaongezwa juu yake, ila kwenye zile za STM32 pariti huhesabiwa ndani ya neno, hivyo unaweka 8.

Umeme wa SDI-12 nao umegeuzwa: waya ukitulia unakaa voliti 0, si 5. Maikrokontrola ya ESP32 hugeuza ishara kwa rejista, yaani mpangilio wa ndani ya chipu. ATmega328P haiwezi, itakubidi uweke transista. Lakini pini za ESP32 ni za voliti 3.3 na waya wa sensa hupanda hadi 5, kwa hiyo usiunganishe moja kwa moja.

Sensa huamshwa kwa kuushikilia waya juu angalau milisekunde 12. Herufi ya sifuri (biti zote 0, si tarakimu 0) kwa kasi ya 1200 huushikilia milisekunde 7.5 tu, haitoshi. Shusha kasi hadi 600, tuma sifuri, upate 15. Rudisha 1200, subiri angalau milisekunde 8.33, ndipo utume amri.

Baada ya alama ya mshangao inayofunga amri, una milisekunde 7.5 za kuachia waya ili sensa ijibu. Usiachie kwa kutazama bendera ya UDRE ya ATmega328P. Hiyo inasema tu kwamba bafa iko wazi, na herufi ya mwisho bado iko njiani. Ukiikata, sensa haitasikia amri kamili na itanyamaza. Subiri bendera ya TXC, inayosema herufi yote imeshatoka.

Mwisho jaribu ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, kwa betri ya voliti 12 na waya wote utakaokwenda nao. Sensa mpya mara nyingi huja na anwani 0, na mbili zenye anwani moja zitajibu kwa pamoja na kuvurugana. Unganisha moja moja, uliza anwani yake kwa amri ?!, ibadilishe kutoka 0 iwe 1 kwa 0A1!, kisha andika namba hiyo kwa maka peni kwenye waya, karibu na plagi, utakapoiona ukiwa umeinama juu ya maji.