Namna ya Kuchagua Chuo cha Sheria kwa Kupima Gharama na Sifa: Mwongozo kwa Waombaji wa Dodoma na Mikoa ya Jirani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi yangu ya uwakili hapa Dodoma hupokea wazazi kutoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, wakiongozana na vijana wanaotaka kusoma sheria. Swali lao huwa moja: waende chuo chenye jina au chuo wanachokimudu? Huwa nawaomba tukae na kalamu na karatasi, kisha tuhesabu mpaka siku ambayo kijana ataapishwa kuwa wakili, kwa sababu familia nyingi huhesabu mpaka siku ya mahafali na kuishiwa fedha kabla ya safari kwisha.

Hatua ya kwanza ni kuamua mwisho wa safari. Anayetaka kuwa wakili wa kujitegemea husoma shahada, ambayo katika vyuo vingi huchukua miaka minne, halafu huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iliyopo Dar es Salaam. Mwaka wa mafunzo katika taasisi hiyo una ada yake, chumba chake na chakula chake, na hauna budi kuwemo katika hesabu tangu leo. Asiyelenga kuvaa joho la wakili anaweza kuishia kwenye shahada, na hesabu yake itakuwa nyepesi.

Hatua ya pili ni kufungua mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kwa mwaka husika, na kuhakikisha kwamba programu ya sheria ya chuo unachokitaka imo, pamoja na sifa za kujiunga na muda wa masomo. Kwa mkazi wa mikoa ya kati, vyuo vya kulinganisha kwanza ni Chuo Kikuu cha Dodoma, Mzumbe kilichopo Morogoro, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria ndicho kilichofungua milango ya elimu ya juu nchini mwaka 1961. Mwajiriwa asiyeweza kuacha kazi akitazame pia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Dodoma.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipa muda mwingi zaidi, ni kuandika gharama zote za mwaka mmoja na kuzizidisha kwa miaka ya masomo. Chukua mfano wa kubuni. Chuo cha mbali kinatoza ada ya shilingi 1,200,000. Chumba na chakula vinagharimu 2,400,000, na nauli 200,000, jumla 3,800,000 kwa mwaka, ambazo kwa miaka minne ni 15,200,000. Chuo cha karibu kinatoza ada ya 1,700,000, lakini mwanafunzi analala nyumbani na kutumia 900,000 kwa chakula na daladala, jumla 2,600,000 kwa mwaka, sawa na 10,400,000. Chuo kilichoonekana ghali kwenye karatasi ya ada kimeokoa shilingi 4,800,000, fedha ambazo zinaweza kumpeleka kijana Dar es Salaam katika ule mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Weka namba zako halisi mahali pa hizi zangu, ukiongeza michango ya usajili, mitihani na bima ya afya, ambayo mara nyingi huandikwa mbali na ada.

Uliza pia ada hulipwa kwa awamu ngapi na lini. Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, lakini mkulima wa alizeti hupata fedha mara moja, na chuo kinachodai nusu ya ada mwezi Oktoba kinaweza kumkuta huyo wa pili akiwa ameshatumia mauzo yake yote.

Hatua ya nne ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupanga kiasi kulingana na uhitaji wa mwombaji, na si kila anayepata mkopo hulipiwa ada yote. Fanya hesabu mbili, moja yenye mkopo na nyingine isiyo na mkopo, na usichague chuo ambacho hesabu ya pili inakionyesha kuwa hakiwezekani kabisa.

Hatua ya tano ni kupima sifa ya chuo. Mwaka 2022, matokeo ya taasisi ya mafunzo kwa vitendo yalipotangazwa, kati ya watahiniwa 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walishindwa, jambo lililoifanya serikali iunde kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe. Wote hao walikuwa na shahada mkononi. Kwa hiyo mimi huuliza yanayomwandaa mtu kwa mtihani ule: wahadhiri wangapi ni wa kudumu, wanafunzi huandika hoja na kusahihishwa mara ngapi kwa muhula, kuna kituo cha msaada wa kisheria, na je, kuna mashindano ya mahakama ya kuigiza? Maktaba bado ina uzito, ingawa hukumu za mahakama zetu sasa husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Mara nyingi nimepokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na walioweza kuandaa hati ya madai bila kushikwa mkono walitoka vyuo vikubwa na vidogo pia. Kilichowaandaa ni kuandika mara kwa mara. Dodoma ina faida yake katika hili, kwa kuwa Bunge, wizara na makao makuu ya Mahakama vipo hapa, na mwanafunzi anaweza kusikiliza kesi bila kulipa nauli ya basi la mkoani.

Hatua ya sita ni kuzungumza na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu au wa nne wa kila chuo, peke yao, na kuwauliza walilipa nini ambacho hawakuambiwa mapema.

Mwisho, ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu, kabla ya tarehe iliyotangazwa na TCU. Tumia namba ya simu iliyo mikononi mwako mwenyewe, si ya mwenye kibanda cha intaneti aliyekusaidia kujaza fomu.