Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kusoma digrii ya hesabu

Kama umemaliza fomu siksi na hesabu ndo somo ulilokuwa unagonga kuliko yote, na sasa unataka kujaza digrii ya hesabu, naomba unisikilize kidogo mdogo wangu, maana kuna vitu mi nilivijua nikiwa tayari nipo semista ya pili na ningevijua kwenye ile miezi ya kukaa nyumbani kusubiri chuo vingenisaidia sana.

Kwanza jina la kozi lisome neno kwa neno. Kuna hesabu yenyewe, kuna hesabu na takwimu, kuna aktuaria, kuna sayansi na ualimu, majina yanakaribiana ila kila moja inakupeleka kwake. Kama ndoto yako ni kufundisha sekondari chukua ya ualimu, kwasababu ukimaliza hesabu tupu bila ualimu utatakiwa urudi tena kusoma diploma ya uzamili ya elimu, ni muda na ada juu. Ukiwaza mambo ya bima na mifuko ya pensheni, aktuaria. Hesabu tupu ni ya mtu anayeipenda hesabu kama ilivyo alafu baadae ndo anaipeleka kwenye data, benki, programu au anaendelea na masta, na hapo ujue kuna AIMS, taasisi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina kituo hadi Rwanda, inachukua wanafunzi wa masta ya hesabu kutoka Afrika nzima.

Mkopo nao ni safari ya peke yake, kuomba chuo sio kuomba HESLB, ile bodi ya mikopo, unaomba kote kuwili, na cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Advansi unafaulu kwa kuzijua aina za maswali, unapiga pasti pepa za Necta za miaka kumi, ukiona integresheni unajua hii inaenda kwa njia gani, mkono unajiendea wenyewe. Chuo kwenye kalkulasi ya mwanzo hiyo bado inakubeba kidogo na ndo inapowadanganya watu, kwasababu pembeni yake kuna kozi ambayo swali linaanza na neno thibitisha, na hapo hakuna aina za maswali za kukariri.

Chukua mfano huu, n² + n + 41. Weka n = 0 unapata 41, namba tasa. Weka 1 unapata 43, tasa. Weka 2 unapata 47, tasa. Endelea hivo hivo mpaka 39, zote tasa, mara arobaini mfululizo bila kukosea, mtu yeyote hapo angesema basi hii ni kanuni. Weka 40 sasa. Unapata 1681, na 1681 ni 41 mara 41. Imekufa. Mwanahisabati Euler aliliona hili miaka ya 1770 huko na mi nikilikumbuka bado linanisisimua, kwamba kujaribu mara arobaini hakukupi haki ya kusema daima. Hesabu ya chuo ni kujifunza kuisema hiyo daima ukiwa na haki nayo.

Test yangu ya kwanza kulikuwa na swali jepesi kabisa, thibitisha kwamba namba witiri mbili ukizijumlisha unapata shufwa. Nikaandika witiri ni 2k + 1, nikajumlisha 2k + 1 na 2k + 1, nikapata 4k + 2, nikaweka kalamu chini nikiwa na uhakika kabisa. Nilipata sifuri kwenye lile swali na iliniuma sana, nilikaa siku mbili naona nimeonewa, mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza, we umethibitisha 3 na 3, 5 na 5, je 3 na 5? Ilitakiwa moja iwe 2k + 1 na nyingine 2m + 1, herufi tofauti, kwasababu hujaambiwa kwamba zinalingana. Herufi moja tu! Lakini ndani ya hiyo herufi ndo kuna somo lote, kila unachoandika kina maana na msomaji atakisoma kama ulivyokiandika sio kama ulivyokuwa unawaza.

Kingine ni mpangilio wa maneno. Kila mtoto ana mama, hiyo ni kweli. Kuna mama mmoja ambaye ni mama wa kila mtoto, hiyo ni kitu kingine kabisa, na maneno ni yale yale umebadilisha tu kipi kinaanza. Ukifika kwenye maana ya limiti, ile ya epsiloni, mchezo ndo huo huo: mtu anakupa umbali wowote mdogo anaoutaka, yeye ndo anaanza, alafu we unamwonyesha kuanzia wapi namba zako zote zinaingia ndani ya huo umbali. Ukigeuza nani anaanza umeharibu yote. Wengi wanaopata sapu hapa, yaani kurudia mtihani, sio kwamba hawajui hesabu, hawajazoea kusoma sentensi moja polepole dakika ishirini.

Kwa hiyo ukitoka JKT tafuta uthibitisho mmoja kwa siku, kwa mfano kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu, usome, funga daftari, uandike upya kwa maneno yako, ukikwama angalia ni mstari gani hukuuelewa. MIT, chuo cha Marekani, wameweka masomo yao bure mtandaoni, linia aljebra ipo ya kutosha, shusha video ukiwa na bando. Jifunze Python kidogo, lugha ya kuandikia programu, simu inatosha kuanzia. Laptopu ya mtumba sio mbaya, usiuze shamba.

Na ukifika chuo tafuta watu wawili watatu wa disikasheni mapema, wale wanaokuuliza kwa nini, sio wanaogawana madesa tu usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista.

Ya kuanzia leo hii hapa, chukua kalamu: ile n² + n + 41 haitoi namba shufwa hata mara moja, weka n yoyote nzima unayotaka. Andika kwa nini, bila kujaribu namba hata moja.