Mkipanda basi wawili, wekeni dau Mikumi

Kama wewe na mwenzi wako mna safari ya basi kutoka Dar kwenda Mbeya, jaribuni hili: mkishapita Morogoro, simu zote mbili ziingie kwenye mkoba. Barabara inakata ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na hapo ndipo mazungumzo matamu yanapojileta yenyewe.

Sisi huwekeana dau. Atakayeona twiga wa kwanza, mwenzake anaosha vyombo wiki nzima tukirudi. Tembo anahesabiwa mara mbili. Mume wangu huapa kila kichuguu ni nyati, tunabishana mpaka jirani wa kiti cha nyuma anaitwa kuwa mwamuzi! Kutoka hapo maneno hayakatiki: nani alisahau kufunga bomba, jina gani tungempa mbuzi tukifuga, mama mkwe atatupikia nini tukifika.

Ruaha Mbuyuni wanapouza vitunguu, mwachie mmoja apatane bei na mwingine akae kimya kabisa. Ukimwangalia mwenzako akibembeleza muuzaji utampenda upya, nakwambia kweli.

Ila mazungumzo ya ada na kodi ya nyumba msiyaanzishe ndani ya basi. Kuna masikio mengi, na hakuna pa kutokea mkikwaruzana. Yawekeeni jioni moja nyumbani, watoto wakishalala.

Mlima Kitonga ukianza na zile kona zake, shikaneni mikono tu. Hapo sisi huwa hatuongei.