Jinsi ya kufuatilia maisha ya daktari mpasuaji wa mikoani Uingereza, karne ya 19

Kama kuna mpasuaji wa miaka ya 1800 unamfuatilia, wale wa miji ya mikoani huko Uingereza mbali na London, labda ni wa ukoo wako au jina tu umelikuta kwenye jiwe la kaburi, kwanza kabisa acha kutafuta "Dr". Hao walikuwa wanaitwa Mr, Dr ilikuwa kwa wenye digrii ya udaktari ya chuo kikuu. Mimi nilipoteza wiki mbili nzima kwa kosa hilo na jamaa niliyekuwa namtafuta alikuwa palepale kwenye orodha.

Halafu usidanganywe na neno mpasuaji. Siku nyingi huyu mtu hakushika kisu cha operesheni, alikuwa anazalisha, anang'oa meno, anaunga mifupa, anatoa watu damu na kuuza chupa za dawa, sasa ukitafuta operesheni peke yake utapata nusu ya mtu. Fuata leseni na fuata hela.

Kwenye leseni rahisi ni kuanzia mwisho kurudi nyuma. Sheria ya 1858 ndo ilileta rejista ya madaktari, ya kwanza ikatoka 1859, utakuta jina, anuani na sifa zake na mwaka alizozipata. Ukiona LSA ujue alipita mtihani wa Society of Apothecaries, yaani chama cha wauza dawa cha London, na kwa sheria ya 1815 huo mtihani ulidai awe amekaa uanagenzi miaka mitano, kwa hiyo jiulize alikuwa mwanagenzi wa nani, maana wengine walioa binti wa bwana aliyewafundisha, hapo unaweza kumpata hata mke wake. MRCS ni uanachama wa Royal College of Surgeons, chuo cha wapasuaji. FRCS, cheo cha juu zaidi cha chuo hichohicho, imeanza 1843, hivyo mtu akikuandikia kwamba fulani alikuwa FRCS mwaka 1830 usimwamini.

Sensa nazo zina mtego. Ya 1841 umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, mtu wa miaka 39 anaandikwa 35, usije ukamkataa mtu wako kwa sababu hiyo. Ya 1851 ni tamu zaidi kwa sababu inataja parokia aliyozaliwa, na angalia wote waliolala nyumba ile, ukiona kijana ameandikwa mwanafunzi wa udaktari au msaidizi basi ujue biashara ilikuwa inaenda.

Hela sasa. Baada ya sheria ya maskini ya 1834 wapasuaji wengi wa mikoani walichukua mkataba wa kutibu maskini wa eneo, malipo kidogo na safari ndefu za farasi usiku. Mihutasari ya vikao vya wasimamizi wa maskini (Boards of Guardians), ndio waliotoa mikataba hiyo, ipo kwenye ofisi za kumbukumbu za kaunti, isome taratibu ukurasa kwa ukurasa, humo kuna malalamiko ya malipo, kuna mgonjwa aliyecheleweshwa, kuna mpinzani wake aliyeomba kazi kwa bei ya chini.

Operesheni ziweke kwenye wakati wake. Chukua mfano wa mpasuaji John Greene Crosse, alizaliwa Suffolk 1790, akawa mwanagenzi Stowmarket, akahamia Norwich 1815 na akafariki 1850. Alisifika kwa kutoa mawe ya kibofu, na mgonjwa wa operesheni ile alikuwa anafungwa mikono na miguu pamoja, wasaidizi wanamshika, anapasuliwa akiwa macho. Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, ilitumika kwenye operesheni kubwa London Desemba 1846, kwa hiyo karibu maisha yake yote ya kazi Crosse hakuwa na nusukaputi. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini watu wa enzi zile walisifu mkono mwepesi kuliko kitu chochote, na usimhukumu mtu wa 1840 kwa kutosafisha vyombo, mpasuaji Joseph Lister alichapisha habari za kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, mwaka 1867.

Mwisho tafuta wosia. Kuanzia Januari 1858 upo kwenye orodha moja ya taifa, kabla ya hapo ulipitia mahakama za kanisa. Angalia nani ameachiwa vyombo vya kazi na vitabu, kama ni mtoto au mkwe rudi kwenye rejista umtafute na yeye.