Somo: Ukitoka Kisumu, sketipaki mbili (viwanja vya kuchezea skateboard) za kutembelea na namna ya kufika

Nimeulizwa hili swali mara nyingi sana, vijana wa Kondele, wa Nyalenda, hata juzi mdogo wangu mmoja ametoka Maseno na bodi mgongoni ananiuliza, omera, sketipaki iko wapi? Huwa nawaambia mimi najua mbili na sisi tumekaa katikati. Moja iko Kangemi, Nairobi, kama kilomita 350 hivi. Ingine iko Kitintale, Kampala, na hiyo ni zaidi ya 300 kidogo. Watu wengi wa huku hufikiria Nairobi peke yake juu ndio tumezoea kwenda huko kutafuta kila kitu, lakini kwa mtu wa Kisumu, Busia ama Bungoma, Kampala iko karibu kabisa na nataka muiweke kwa akili.

Hatua ya 1: Tengeneza bodi kabla hujalipa nauli

Huku kwetu tunapiga lami yenye kokoto na kabro, kwa hivyo wengi wetu tuko na wilu (magurudumu) laini na kubwa, zile za 78A ama 80A, namba ikipanda wilu ni ngumu zaidi. Ukipeleka hizo paki utasonga tu vizuri lakini utaona zinashika konkriti, hazitelezi ukitaka kugeuza bodi. Paki inataka wilu ngumu, 99A hadi 101A, saizi ya milimita 52 mpaka 54. Kama huwezi kununua seti ya pili usijali, nenda na ulizo nazo, lakini kaza nati zote na spana, angalia kingpini (ile bolti kubwa ya katikati ya ekseli) kama haijapinda, na ubebe nati mbili tatu za ziada kwa soksi. Nimeona mtu amesafiri usiku mzima halafu nati moja ya wilu imeanguka akakaa kando kuangalia wenzake.

Hatua ya 2: Jifunze kusimama na kuanguka hapa nyumbani

Hii ndio hatua watu huruka, na mimi pia niliiruka. Mara yangu ya kwanza nilifika Kangemi asubuhi sijalala, sikuwa nimewahi kushuka rampu yoyote, nikasimama juu nikajirusha hivo hivo nikaangukia kiganja, na mkono ulikaa kwa bandeji wiki sita. Wiki sita bila bodi ni ndefu. Kwa hivyo tafuta pahali laini, parking ya kanisa ama ya shule siku haina magari, uombe mlinzi ruhusa kwa heshima, na uende asubuhi juu Kisumu mchana jua ni kali na jioni mvua ya ziwa inakuja bila hodi. Fanya mazoezi ya kusukuma na mguu wa nyuma (ule wa mbele ubaki kwa bodi), kukunja magoti, kugeuka pande zote mbili, na kuvunja mwendo kwa kuburuta soli. Kuanguka pia kuna namna yake, unakunja mwili unaviringika na bega, hutoi mkono ukiwa umenyooka.

Na tafadhali, mteremko wa Riat sio pahali pa mazoezi. Najua unavutia. Lori likishuka pale na breki zimechoka haliwezi kukukwepa.

Hatua ya 3: Kangemi

Paki ya Shangilia iko ndani ya makao ya watoto, watoto ambao wengine walikuwa wanaishi mitaani, na ilijengwa kwa msaada wa shirika la Ujerumani linaitwa skate-aid. Uzuri kwa sisi watu wa huku ni kwamba basi ya Kisumu ikiingia Nairobi inapita Waiyaki Way, na Kangemi iko hapo hapo kabla ya Westlands. Usibebwe mpaka katikati ya mji halafu urudi na matatu ingine kwa jam. Mwambie konda mapema, ukivuka Uthiru, kwamba unashuka Kangemi, halafu uliza Shangilia, watu wa hapo wanaijua.

Sasa sikiza vizuri. Pale ni nyumbani kwa watoto. Hufiki getini ukaingia tu kama uwanja wa kaunti. Unapiga hodi, unasema umetoka wapi, unauliza kama leo wageni wanaruhusiwa, na wakikuambia kuna masomo ama kipindi cha watoto unangoja. Usipige watoto picha bila kuuliza wakubwa. Kama una wilu za zamani bado nzima ama viatu vimekuwa vidogo, beba, juu watoto hawa wanamaliza vifaa haraka kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 4: Kitintale

Hii naipenda kwa roho yangu yote. Vijana wa mtaa walichanganya simiti kwa mikono yao 2006, wakatengeneza paki ya kwanza Uganda katikati ya nyumba za watu, na Jack Mubiru, ambaye ni mmoja wa walioianzisha, jina lake linajulikana kwa kila mtu anayefuatilia huu mchezo Afrika Mashariki. Haina urembo, lakini kila kona unaona mkono wa mtu.

Kufika: panda gari ya Busia, vuka, halafu ya Kampala. Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaingia Uganda bila pasipoti. Pale Busia mpaka ni wa pamoja, ukienda Uganda unamalizia kila kitu upande wa Uganda, kwa hivyo usikae upande wetu ukingoja mhuri. Usibadilishe pesa na mtu anayekufuata barabarani. Ukifika Kampala, uliza gari za Luzira ama Port Bell, Kitintale iko njiani. Na ukimaliza kuskate teremka mpaka Port Bell uangalie maji, ni ziwa letu lile lile la Dunga.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani ya paki

Kaa chini dakika kumi kwanza uangalie. Utaona njia ambazo wenyeji hupita, nani anaanza wapi, anamalizia wapi. Mtu mmoja akiingia wengine wanangoja, bodi yako ikikutoroka unapiga kelele "bodi!" mara moja.

Usianze juu. Anzia chini, panda ukuta kidogo, rudi, panda tena. Ukikaribia pale konkriti inapoanza kuinama kunja magoti, ukipita nyoosha miguu, mwendo unaongezeka wenyewe bila kusukuma na mguu. Ukishapata hiyo ndio unaenda kushuka kutoka juu. Weka mkia wa bodi ukingoni, mguu wa nyuma umekanyaga mkia, mguu wa mbele juu ya skrubu za mbele, halafu kanyaga mbele kwa nguvu na mwili wote uende mbele pamoja na bodi. Karibu wote wanaoanguka hapa, na mimi nilikuwa mmoja, ni kwa sababu moyo unakataa na mwili unabaki nyuma, bodi inaenda peke yake. Omba mwenyeji akushike mikono mara mbili za kwanza. Hakuna aibu.

MASWALI

Member wa Nakuru: Niko Naka, naweza kwenda Kangemi na kurudi siku moja?

Jibu: Wewe una bahati kaka, ni kama kilomita 160 tu na barabara ni ile ile. Toka saa kumi na moja asubuhi, skate mpaka saa nane, rudi. Lakini kurudi usingoje gari hapo Kangemi, zinatoka town zikiwa zimejaa, bora uingie mjini upande huko.

Mama kutoka Mamboleo: Binti yangu ana miaka 12 anataka huu mchezo, baba yake anasema ni wa wavulana.

Jibu: Shikamoo mama. Mwambie mzee kwamba skateboarding iliingia Olimpiki mara ya kwanza kule Tokyo 2021, na medali ya dhahabu ya wanawake ya street (ule mtindo wa ngazi na reli) ilichukuliwa na msichana wa Japani, Momiji Nishiya, akiwa na miaka 13. Mnunulie helmeti na kinga za magoti na za viganja kabla ya bodi nzuri. Na kama ni Uganda mnapanga, yeye hana kitambulisho bado, kwa hivyo pitieni ofisi ya uhamiaji kwanza muulize karatasi gani inatakiwa kwa mtoto.

Member wa Bungoma: Nilinyeshewa, wilu hazizunguki tena, zinalia.

Jibu: Ni beringi zimeingia kutu. Toa zote nane, toa kifuniko na ncha ya sindano, loweka kwa mafuta taa, zizungushe mpaka uchafu utoke, anika zikauke kabisa halafu tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda. Zikikataa ulizia namba 608 kwa maduka ya beringi, hizo hutumika kwa mashine nyingi, sio lazima ziandikwe za skateboard.

Member wa Kakamega: Tuko watu saba. Tunaweza kujenga yetu ama tungoje kaunti?

Jibu: Anzeni, ndugu zangu, lakini msianze na simiti. Anzeni na boksi moja la mbao lenye angle line (chuma cha pembe) pembeni, mpake nta ya mshumaa, linabebeka na hakuna mtu atawafukuza nalo. Halafu tafuteni shamba lenye karatasi na mwenyewe akubali kwa maandishi, juu konkriti haihamishwi. Kabla ya kumwaga chochote chukueni fundi mmoja wa sakafu, mwende naye Kitintale, aguse ile kona kwa mkono wake. Fundi wa huku anajua kupiga niru ikang'aa, lakini ukuta unaoinama kama bakuli hajawahi kuutengeneza, na ukimwelezea kwa simu hataelewa. Kakamega mvua ni nyingi, kwa hivyo mwambieni aache njia ya maji kutoka chini kabisa. Mkienda mniambie, nitapanda gari Kisumu tukutane Busia.